Mkia Unaotokea Puani

Kwa miaka thelathini na mmoja Metro aliamka saa nane za usiku,
akavaa buti juu ya pajama,
akaenda kuliwasha lori lingurume dakika ishirini,
kisha akarudi kitandani na miguu ya samaki wa friji
akaibandika kwenye vigimbi vyangu.
"Injini," alisema, "ijifunze baridi kama tulivyojifunza sisi."
Hita aliiita anasa ya watu wa mjini.

Sasa figo zake zimegoma.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi na mbili kamili asubuhi,
kitanda cha tatu karibu na dirisha, hospitali ya Prince Albert,
kilomita tisini na nne.
Kipima joto cha barazani kimeshuka hadi arobaini chini ya sifuri,
wino wake mwekundu umejikunyata kama mtu aliyefumaniwa.

Dawa ya moto ni moto; ya baridi
nilikwenda kuiuliza dukani kwa Bohdan Kuzyk,
aliyezipanga hita kauntani kama muuza mikate.
Ile ya sumaku, bandika tu chini ya sampu ya oili:
rahisi, lakini kwa mashimo ya barabara yetu
itadondoka kabla ya Krismasi.
Ile ya kuchomeka palipo kijiti cha kupimia oili:
wati tisini. Wati tisini, Bohdan! Hata yai haliivi.
Ile ya kukatia mpira wa rejeta:
naogopa kiungio kitakachovuja njiani, mgonjwa yuko ubavuni.
Nikachukua ile ya kuingia tumboni mwa blok yenyewe,
palipo kizibo cha chuma, wati mia nne.
Bei yake sikumwambia mtu. Wala hapa siisemi.

Jumapili, badala ya kanisa, nikalala chali juu ya kadibodi.
Teodora wa jirani, miaka kumi na mitatu, alishika tochi
akanisomea maelekezo kwa sauti ya mhubiri.
Mwaga kipozeo. Nikamwaga: nusu beseni, nusu mkono wa sweta,
kijani, chenye harufu tamu, cha kuua mbwa.
Gonga kizibo ukingoni mpaka kigeuke ubavu.
Nikagonga. Nikagonga. Nikagonga nikimtaja mama wa aliyekiunda.
Kikageuka ghafla, nikakivuta kwa koleo,
na ndani ya tundu, tope la kutu,
laini, la kahawia, la miaka yote ile.
Nikalitoa kwa kidole kilichovikwa kitambaa,
polepole, kama ninavyomsafisha Metro sikio.

Paka raba grisi. Kipashio kisiguse ukuta wa chuma.
Kaza, usikaze mno.
("Hiyo mno wameiandika kwa herufi kubwa," alisema Teodora.)
Jaza, toa hewa, ndipo uchomeke; ikiwaka kavu imekufa.
Waya niliupitisha mbali na feni, nikaufunga kwa vibanio,
ukachungulia katikati ya meno ya mbele,
mkia unaotokea puani.

Usiku ule hakuna aliyeamka saa nane.
Yaani tuliamka wote wawili, tukalala tukisikiliza.
Nje, cha moto kilipanda, cha baridi kikashuka,
na injini ikaota, moto au ndoto, sijui.

Alfajiri ufunguo uligeuka mara moja tu.
Lori likakohoa, likaitika.
Metro hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya dashibodi
alivyokuwa akikiweka mgongoni mwa ng'ombe aliye karibu kuzaa.
Nikaingiza gia, tukaondoka,
kukasikika mvuto, kishindo,
na waya wa nyongeza, mita kumi na tano, rangi ya chungwa,
ukawa unatufuata juu ya theluji
pamoja na soketi ya ukutani na kipande cha ubao wake.

Alicheka. Mungu wangu, alicheka
mpaka kioo kikaganda kwa pumzi yake,
ikanibidi nisimame langoni kwa akina Petryshyn
nikwangue barafu upande wa ndani
ndipo nione njia.